Shahidi wa Usingizi

Maswali yalikuwa manane, na Mishi aliyajibu yote kwa uongo.

Aliyajibu kwa upole, buibui limemkaa sawa kichwani, mikono ameipakata, kama mwanamke aliyelelewa akaleleka. Aliyekuwa akiuliza ni Jumwa, msichana wa watu wa Kaloleni, ambaye kazi yake pale hospitalini ni kuwalaza wagonjwa kwa dawa kabla hawajapasuliwa; wenyewe humwita Jumwa wa nusukaputi. Aliyekuwa akiulizwa habari zake ni Mwinyihaji, mumewe Mishi, mzee wa miaka hamsini na minane, mfupi wa shingo na mpana wa kifua, ameketi ukingoni mwa kitanda akingoja kesho yake apasuliwe ngiri ya kitovu. Na aliyekuwa akisikiliza, kwa masikio yake mawili na la tatu la kuazima, ni Mwanarehema, dada mkubwa wa Mwinyihaji, aliyekuja kutoka Mtongwe na chupa ya uji wa mchele na maneno ya kutosha wodi nzima.

"Mama, mzee hukoroma?"

"La."

"Hata kidogo? Sauti ya kusikika nyuma ya mlango uliofungwa?"

"Wallahi hata mto haujui kama juu yake kuna kichwa."

"Na mchana je? Husinzia akiwa ameketi, akizungumza na watu?"

"Hupumzika, kama wenziwe."

Mwanarehema akacheka kwa puani. "Ndugu yangu apumzika, mwanangu. Hiyo ndiyo kazi aliyobakiwa nayo, na aifanya bila likizo."

Mwinyihaji akatabasamu. Alikuwa amekwisha jifunza kutabasamu kabla wengine hawajacheka, ili ionekane mzaha ni wake.

"Umewahi kumwona usiku pumzi imekatika, kimya, kisha akashtuka kama mtu aliyezama akaibuka?"

Hapa Mishi alikawia. Si sana, kiasi cha kumeza mate. "La," akasema. "Yuwalala vyema, alhamdulillahi."

Jumwa akaandika. Kisha akachukua utepe kama wa fundi cherehani, akauzungusha shingoni mwa Mwinyihaji, akasoma, akauzungusha tena kana kwamba utepe nao ulikuwa na mazoea ya kusema uongo. Aliangalia karatasi, akaangalia shingo, akamwambia mzee asubiri, atakuja kumpiga picha.

Ukweli ulikuwa hivi. Mwinyihaji alikoroma mpaka mpangaji wa chumba cha pili, mtu wa subira, akahama bila kuaga. Alikoroma mpaka mabati yakaitikia. Lakini mkoromo haukuwa kitu. Mkoromo Mishi aliuzoea, kama watu wa Bamburi walivyozoea vumbi la saruji. Kilichomtesa ni kimya. Katikati ya mkoromo, sauti ilikatika kama kamba, na kifua kilikuwa kikipanda na kushuka bila kuingiza kitu, na Mishi alihesabu. Kumi. Ishirini. Siku nyingine thelathini na kitu. Kisha mzee alirudi na mngurumo wa ng'ombe aliye chini ya kisu, akageuka, akalala tena, na asubuhi aliamka amechoka kuliko alivyolala, akiuliza nani kampiga. Miaka sita iliyopita Mishi alihamia chumba cha binti yao, Salha, aliyekwisha olewa Kiembeni. Mwenye mume hai na mzima, akalala peke yake kitanda cha futi tatu na nusu. Hilo hakulijua mtu.

Halikujulikana kwa sababu Mishi alikuwa na somo. Wasiojua desturi za pwani watauliza somo ni nani. Ni yule mwanamke mtu mzima anayemchukua mwari kabla ya harusi, akamfungia ndani, akamfunza mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyatamka. Somo yake Mishi alimfunza mengi, mengine mazuri, na juu ya yote alimfunza sitara: mume ana aibu zake za usiku kama ulivyo nazo wewe, atakoroma, atajamba, ataweweseka, atataja majina, ya chumbani hufia chumbani. Mwanamke anayemwanika mumewe mbele ya nduguze amejivua nguo mwenyewe. Kwa miaka thelathini na mitano Mishi aliliweka fundisho hilo kama amana. Na sasa msichana wa kalamu na karatasi anamuuliza, mbele ya wifi, namna mumewe anavyolala. Angejibu nini mwanamke mwenye somo?

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hili halikutoka kwa somo. Hili Mishi alilitenda mwenyewe.

Mwinyihaji alikuwa dereva wa mtambo wa kunyanyulia makontena kwenye yadi moja kule Changamwe. Miaka kumi na mitatu nyuma, saa nane ya mchana, jua limesimama, alisinzia usukani mkononi, akaurudisha mtambo nyuma ukagonga rundo, na kontena tupu la juu likaanguka mahali ambapo, kwa rehema za Mungu, hakuna mtu aliyekuwa amesimama. Mwaka ule yadi ilikuwa ikitafuta watu wa kupunguza. Iliwapunguza kumi na saba, na kila mmoja ikamtungia neno lake, maana ukimfukuza mtu bila neno, watu wataanza kuuliza. Huyu mlevi, yule mwizi wa dizeli, yule mwingine ana mdomo. Mwinyihaji akapewa "mzembe". Barua ya mistari mitano. Hakuna bwana mkubwa aliyeuliza kwa nini mtu anayelala usiku kucha asinzie mchana kama mlinzi. Daktari hakuletwa. Kuleta daktari ni kazi, na neno ni rahisi.

Na sisi wa mtaani, badala ya kuirudia yadi tukaiuliza, tulilichukua neno lake tukalibeba mpaka nyumbani, tukalipamba. Tulimwita Sinzia. Mwanarehema mwenyewe ndiye aliyelitoa jina hilo, kwenye harusi, akamtunza ndugu yake kwalo mbele ya ngoma, na watu wakapokea. Watoto walilipata kwetu. Msikitini, Ramadhani moja, Mwinyihaji alisinzia kwenye sijida ya tarawehe. Safu nzima ikainuka, yeye akabaki chini, na hakuna aliyemgusa bega. Walimwacha ili wacheke baada ya kutoa salamu. Watu wazima, wenye ndevu. Sisi.

Ila kabla ya barua ile kuwa barua, alikuja mtu. Aliitwa Kefa, mtu wa Kakamega, mwakilishi wa wafanyakazi pale yadini. Alivuka feri kutoka kazini akiwa na buti zake za vumbi, akapiga hodi mlango wa Mishi siku ambayo Mwinyihaji alikuwa ameitwa ofisini kusomewa makosa. Hakukubali kukaa. Alisema, "Mama, nisikilize. Mzee wako si mzembe, mimi nafanya naye zamu. Nadhani ni mgonjwa. Mtu hasinzii vile akiwa mzima. Niambie tu, usiku ana shida? Ukiniambia ana shida, nitasimama nao. Mgonjwa hafukuzwi kwa barua. Lazima wampeleke kwa daktari kwanza."

Wiki ile ile posa ya Salha ilikuwa imeletwa. Watu wa mume walikuwa wakiulizauliza, kama watu waulizavyo: kuna kifafa kwenye ukoo, kuna wazimu, kuna nini. Mtu anayekatika pumzi usiku akarudi akinguruma, utamwelezaje mtu wa kando asidhani ni kifafa, au pepo? Mishi alisimama mlangoni, mkono kwenye kizingiti.

"Mume wangu mzima wa afya," akasema. "Hana ugonjwa wowote."

"Mama, una hakika?"

"Mimi ndiye ninayelala naye."

Kefa akamtazama, akashukuru, akarudi zake. Mwinyihaji aliporejea na barua alisema Kefa ameahidi kupita nyumbani, kapita? Mishi akasema hakuona mtu. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza, umekuta njia imefyekwa. Kwa hiyo Mwinyihaji akaamini kwamba Kefa, mtu wa bara, amemtupa alipomhitaji, na tangu siku hiyo akamkatia salamu. Wakikutana Magongo, ambako Kefa baadaye alifungua duka la spea, mmoja alinyanyua mkono na mwingine akavuka barabara.

Salha aliolewa. Harusi ilikuwa nzuri.

Jumwa alirudi akisukuma mashine ndogo yenye kioo, iliyoazimwa wodi ya wazazi. Alikuwa na ruhusa ya kuitumia mpaka saa nne asubuhi, wenye mimba wakianza kuja lazima irudi. Mwinyihaji aliijua mashine ile, maana Salha alipigwa picha nayo mara tatu.

"Binti yangu," akasema, "mimi tumbo hili ni la pilau na ngiri. Humo hamna mtoto."

"Si tumboni, baba. Shingoni."

"Nina mimba ya shingo?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka mpaka akashika mshono wake. Jumwa naye akacheka, akamlaza mzee chali, akampaka ute wa baridi chini ya kidevu, akakiweka kile kidude cha mkononi na kukiinamisha polepole, mara huku, mara kule, akimwambia ameze mate, apumue, atulie. Kwenye kioo kulikuwa na vivuli vya kijivu. Mishi aliyezoea kutafuta kichwa na miguu ya mjukuu hakuona kitu. Jumwa aliona. Alisimamisha picha, akapima kutoka nukta hadi nukta, akaandika tarakimu, akapima tena. Akaja pembeni ya shingo, kulia, kushoto. Uso wake uliacha kucheka.

"Nini, mwanangu?" Mwanarehema akauliza.

"Naangalia tu, bibi." Akamfuta mzee ute kwa karatasi, akamshukuru, kisha akasema, "Mama, hebu njoo tuzungumze kidogo."

"Abee," akasema Mishi, akainuka. Mwanarehema akainuka pia.

"Mama peke yake," akasema Jumwa.

Wakasimama kwenye ukumbi, karibu na dirisha la dawa ambalo lilikuwa limefungwa. Jumwa aliongea kwa sauti ya chini.

"Mama, nitakuonyesha kwa mkono. Huu ulimi. Wake ni mnene huku nyuma, na kuta za koo zimesogeleana. Mtu wa koo kama lile akilala chali, ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa inajifunga. Picha yaniambia hivyo, na utepe wa shingo waniambia hivyo. Lakini karatasi yangu yaniambia mzee analala kama maji mtungini. Kimoja hapa kimedanganya, na mashine haina mawifi."

Mishi akaangalia sakafu.

"Picha peke yake si hukumu. Nimeona makoo membamba ambayo wenyewe wanalala salama. Picha inanyoosha kidole tu. Ndiyo namtafuta shahidi, na shahidi wa usingizi wa mtu ni yule anayelala karibu naye. Mzee mwenyewe hawezi, hajawahi kujisikia."

"Na kama analala vyema, kama nilivyosema?"

"Kama ni vyema, kesho nampa nusukaputi, kama alivyotaka. Sindano ya ganzi ya mgongoni ameikataa. Ameambiwa na watu wa barazani kwamba inaua mgongo na inaua uume." Jumwa alisema hivyo bila haya. "Ni haki yake kukataa, na mimi nikiwa sina sababu, simlazimishi. Atalala. Ulimi utalegea kuliko unavyolegea nyumbani. Pengine nitaiwahi hewa, nina vifaa. Lakini baada ya hapo atarudi wodini, apewe dawa kali ya maumivu, na dawa ile nayo inalaza. Muuguzi ni mmoja, vitanda ni vingi. Atapita, atamwona mzee kimya, atasema, afadhali huyu amepumzika."

Kimya. Mishi alikijua kimya kile kuliko msichana huyu atakavyokijua maisha yake yote. Alikuwa amekihesabu.

"Anakoroma," akasema.

Jumwa akafungua kalamu.

"Anakoroma, na pumzi inakatika. Usiku mmoja nilihesabu mpaka arubaini na moja nikampiga kofi. Mimi silali naye tena. Nimehama. Mchana husinzia akila. Husinzia choo kikiwa na foleni nje." Maneno yalikuwa yakitoka yenyewe, yamesukumana mlangoni miaka mingi. "Yote manane, mwanangu. Yote niliyosema la, andika ndiyo."

"Tangu lini?"

Basi ndilo lilikuwa swali. Kumbe karatasi ilikuwa na swali la tisa.

"Andika zamani."

"Zamani haiandikiki, mama. Moyo wake nao yabidi uangaliwe. Aliyekosa hewa mwaka mmoja si sawa na aliyekosa ishirini. Tangu lini?"

Mishi angeweza kusema miaka miwili. Ilimjia, alikiri baadaye, ilimjia papo hapo na ilikuwa imevaa nguo nzuri: miaka miwili, mitatu, tangu aliponenepa. Hakuna ambaye angejua. Koo lingetibiwa na Changamwe ingebaki imezikwa. Akafungua mdomo kuusema uongo huo wa mwisho, akaona mkono wa Jumwa umetulia juu ya karatasi, kalamu imekwisha gusa. Chochote atakachosema, mkono ule utakiandika, na kwa hicho watampa mumewe dawa.

"Tangu Salha yuko sekondari," akasema. "Kabla hajafukuzwa yadini. Miaka kumi na mitano, kumi na sita."

Jumwa akaandika. "Sasa yabidi mzee aambiwe, ndipo akubali sindano ya mgongo. Nimwambie mimi, au wewe?"

"Mimi."

"Mbele ya bibi yule?"

Mishi alifikiri. Mwanarehema alikuwa amejitokeza mlangoni mwa wodi, shingo ndefu. "Mbele yake," akasema. "Yeye ndiye aliyempa jina."

Alimwambia akiwa amesimama, kwa sababu alipojaribu kuketi alihisi atanyamaza. Alimwambia habari za mkoromo, kimya, kofi, na chumba cha Salha. Mwinyihaji alisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya mtu mwingine. Kuhusu chumba cha Salha alitazama pembeni, akiona haya kwa ajili ya wote wawili. Jumwa akaeleza habari za koo na sindano, kwamba atakuwa macho, hatasikia maumivu toka kiunoni kwenda chini, na kwamba mgongo wake na mengineyo yatabaki kama alivyokuja nayo.

"Nitakubali," akasema mzee. Kisha akauliza, taratibu, "Huu ni ugonjwa?"

"Ni ugonjwa, baba."

"Una jina?"

Jumwa akamtajia jina lake refu, kisha akalifupisha: koo linaloziba usingizini. "Na mtu akikosa hewa usiku kucha, mchana lazima asinzie. Si hiari yake. Hata umpe bunduki alinde, atasinzia."

"Hata umpe mtambo," akasema Mwinyihaji.

Mwanarehema alikuwa ameshika chupa ya uji kifuani, na mdomo wake, ambao Mtongwe nzima iliuogopa, ulikuwa ukitafuta kitu cha kusema na haukukiona.

"Miaka kumi na sita, umesema," Mwinyihaji akamwambia mkewe. "Basi yadini nilikuwa mgonjwa. Kefa aliniambia. Alisema, wewe ni mgonjwa, nitakwenda nyumbani nikamuulize mama, nikipata neno lake nitasimama nao. Hakwenda."

"Alikwenda."

Mishi alisikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo na ikawa kama ya mtu wa kitanda cha pili.

"Alikuja, Baba Salha. Akasimama mlangoni. Akaniuliza usiku una shida, nikasema mume wangu mzima wa afya. Ilikuwa wiki ya posa. Niliogopa watasema kifafa. Nikakwambia sikuona mtu. Nilimwona."

Mwinyihaji hakupaza sauti. Laiti angepaza. Alilala chali, vile alivyokatazwa kulala, akaangalia dari muda mrefu, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia masikioni bila yeye kuyafuta. Jumwa akaikokota mashine yake akaondoka; saa nne ilikuwa imefika na wenye mimba walikuwa wakingoja. Mwanarehema naye akaweka chupa chini, akasema atarudi, akatoka bila kumtazama wifi yake. Mishi alijua hakuna kashfa atakayopigwa mtaani ambayo hakuistahili, na alijua pia kwamba safari hii Mwanarehema hatapiga kashfa, maana nusu ya kashfa ni yake.

Upasuaji ulifanyika kesho yake, asubuhi. Sindano ya mgongo, mzee macho, kichwa kimeinuliwa, kidole kimebanwa na kibanio kidogo chenye taa kinachopima hewa ya damu. Mishi alikaa kwenye benchi nje saa mbili na nusu. Jumwa alitoka na barakoa shingoni, akasema mzee alisinzia katikati ya kazi, bila dawa yoyote, na hewa ikashuka, na kwa kuwa walikuwa wakijua, walimwamsha tu kwa jina, mara nne. Wangekuwa hawajui, alisema, na hakumalizia. Alisema pia kwamba usiku ule kibanio kile hakitavuliwa, atalala ubavu, dawa kali hatapewa, na kitanda chake kitakuwa mkabala na meza ya muuguzi. Baada ya hapo atapelekwa kwa daktari wa koo, foleni yake ni ndefu lakini jina lake sasa limo.

Wodini, alasiri, Mwinyihaji aliiomba simu yake. Miguu ilikuwa bado ya kuazima kwa ganzi. Aliipapasa na kucheka kidogo, peke yake. Mishi akampa simu. Akaibonyeza, akatafuta, akamrudishia.

Kioo kiliandika: Kefa Yadi.

"Namba yake sikuifuta," akasema. "Sijui kwa nini. Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Ulichoniambia mimi."

Ilikuwa saa ya kutazama wagonjwa, wodi imejaa watu, mabakuli, kanga, watu wa kitanda cha pili wamekaa watano. Mishi akatafuta pa kujificha na hapakuwapo. Simu ikaita mara mbili.

"Mwinyi," sauti ikasema. Kwa nyuma kulikuwa na mlio wa chuma kugongwa. Alilitamka jina kana kwamba walizungumza juzi.

"Si yeye. Ni mkewe. Mama Salha."

"Mama. Mzee yuko salama?"

"Yu salama. Amepasuliwa leo." Akajifunika mdomo kwa ukingo wa buibui, kisha akauachia. "Kefa, wewe ulikuja kwangu mwaka ule. Uliniuliza nikakujibu. Nilikudanganya. Alikuwa mgonjwa, nilijua, nilikuwa nikihesabu. Leo wamempiga picha ya koo wakaona."

Chuma kiliacha kugongwa.

"Nilijua, mama."

"Ulijua nini?"

"Nilijua unanidanganya. Ulikuwa umeshika mlango mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Sasa ningefanya nini? Ningemwita mke wa rafiki yangu mwongo, mlangoni pake?"

"Na yeye hukumwambia."

"Ningemwambia, angerudi nyumbani na barua ya kufukuzwa na hilo pia. Kazi hana, angalau awe na nyumba." Akakohoa. "Nikasema wacha anichukie mimi. Mimi nina kwetu."

Mishi akasimama na simu sikioni. Somo yake alimfunza sitara siku saba, mlango umefungwa, udi unawaka, na alidhani anaijua. Huyu mtu wa buti, aliyevuka feri kwa nauli yake, asiyefunzwa na mtu, alimsitiri yeye miaka kumi na mitatu, barabara ikivukwa mbele yake, mkono wake ukibaki hewani, na hakuwahi kumwambia hata mkewe, pengine. Wala hakumdai kitu.

"Mama, uko?"

"Niko."

"Mpe mzee simu."

Akampa. Mwinyihaji akaishika kwa mikono miwili, akageuza uso upande wa ukuta. "Kefa," akasema. Alikuwa akisikiliza tu, na mabega yake mapana yalikuwa yakitikisika.

Mishi akatoka nje ya wodi. Mazungumzo yale hayakuwa yake. Kwenye ukumbi kulikuwa na benchi, na mtu aliyekuwa amekaa akasogea kumpisha, akamwambia, "Karibu, mama, keti." Mishi akamshukuru, akabaki amesimama.